Nyuma ya Stakabadhi

Kamsani, binti yako Zabedah
amenipa kopo la biskuti lenye kutu.
Ndani: misumari midogo, picha ya kundi letu
tumevaa kofia nyeusi za mahameli
(mimi nimefumba macho, kama kawaida yangu),
na stakabadhi za mpira, mia na kitu,
za yule Mchina wa Tangkak aliyetupimia utomvu.
Mbele: kilo, bei, makato ya maji.
Nyuma: wewe.

Hukuwahi kununua daftari.
Ulisema kurasa tupu hukukodolea macho kama wakwe.
Alfajiri ulikuwa mashambani, taa kichwani,
ukichanja gome kwa mshazari, ukinong'ona mizani,
na mti ukidondosha, tone, tone.
Mimi nilikuwa mtoto wa kubeba ndoo.
Ndivyo nilivyojifunza mapigo,
kwa utomvu kabla ya ngozi.

Miaka ya Mjapani
ulikizika kinanda chini ya banda la bata.
Tulikula muhogo asubuhi, muhogo jioni,
na usiku ulikaa juu ya kaburi lile
ukibonyeza vidole magotini.
Kilipofukuliwa, sauti tatu zilikuwa bubu.
Moja haikupona kamwe.
Ukatunga nyimbo zote zikiikwepa,
na watu wa Muar wakasema, "Kamsani ana mtindo wake."
Mtindo gani. Kutu tu.

Hukuongoza kwa fimbo.
Sahlan akikimbia na fidla, ulipunguza pumzi ya mivukuto
mpaka akajiona yuko peke yake, akarudi.
Misbun wa gambusi akija amenuna, ulimwacha aanze yeye.
Mimi nikikosea, uliniangalia mikono, si uso.
Mara moja tu ulisimamisha wimbo,
kwenye harusi ya Parit Kemuning:
bibi harusi alikuwa akilia,
na hakikuwa kilio cha desturi.
Ukafunga kinanda. "Tunywe chai kwanza."
Chai ile ilikuwa ndefu. Ndoa haikufungwa.
Hatukulipwa,
na baba wa binti hakukusalimu tena mpaka alipozikwa.

Redio ilikupa dola thelathini kwa wimbo,
kisha mtangazaji akasoma jina la mtu mwingine.
Selasiah alitaka uandike barua.
Wewe ukaongeza sauti.
"Sikiliza," ukamwambia, "mwisho hawajauharibu."

Halafu kikaja kinanda cha umeme,
kijana mmoja, spika mbili, bendi nzima ndani ya sanduku.
Tulitoka jukwaani, tukawekwa kando ya jukwaa,
kisha karibu na masufuria ya kari,
kisha hakuna aliyetuita.

Uliniambia pantuni ni kama nyumba zetu:
mistari miwili ya mwanzo ni ngazi, hapo unavua viatu.
Miwili ya mwisho ni sebule, humo ndimo maana huketi.
Anayerukia sebuleni hana adabu.

Stakabadhi ya juu kabisa
imeandikwa kwa wino wa kijani, kalamu ya muuguzi:

*Doriani kaanguka usiku pasi upepo,
asubuhi nikafika, ganda tupu na umande.*

Kisha weupe.

Zabedah anataka tuimalizie, iimbwe Ijumaa kwenye hitima.
Vina havikosekani: kiapo, yalipo, niende, nipende.
Nimekesha siku tatu.
Mtoto wa Misbun ameleta mstari kuhusu mauti,
mzuri, umepigwa pasi, hauna hata tone la matope.
Wangu una majuto ndani yake, na majuto ni yangu.
Kila tunapofungua mlango
tunakuta sebule ya mtu mwingine.

Nimevua viatu.
Nimekaa ngazini, tabla mapajani,
napiga urefu wa mistari miwili isiyokuwapo,
polepole, nikiikwepa sauti ile bubu
ingawa ngoma yangu haijawahi kuwa nayo.

Zabedah ametokeza dirishani.
"Umepata?"

Tunywe chai kwanza, nimemwambia.